Mkia wa Asha ulivyomaliza vita vya mafumbo ya hesabu

Kwanza niseme yangu kuhusu aliyetushauri hivi juu ya mafumbo ya hesabu: "Ukiona neno zaidi, jumlisha, ukiona pungufu, toa." Binti yangu aliishika kanuni hiyo kama amri. Likaja fumbo: Asha ana shanga 45, ambazo ni 17 zaidi ya za Juma. Juma ana ngapi? Papo hapo akaandika 62.

"Nani ana nyingi?" nikamuuliza.

"Asha."

"Sasa Juma mwenye chache kazipata wapi 62?"

"Lakini mama, wameandika zaidi!"

Nikajitia ufundi, nikamletea x na y. Yaliyofuata ni machozi, yake, na yangu yakiwa njiani.

Ndipo nikaangukia michoro ya pau, ile iliyoenea kutokana na vitabu vya Singapore vya miaka ya 1980. Kila mtu anachorewa mstatili wake, ndiyo pau, urefu ukionyesha idadi yake, mmoja juu na mwingine chini yake, basi. Mimi hata hilo nililiharibu. Nilimpa mtoto rula, tukapima pau ya Asha milimita 45 kamili, kwa madaha yote. Tukafika kwa Juma, kalamu ikasimama hewani. Tupime ngapi, na urefu wake ndio tunaoutafuta? Rula nikairudisha kwenye begi. Pau huchorwa kwa kukadiria tu, ila zote zianzie mstari mmoja upande wa kushoto. Nilipoziacha zianzie popote, mtoto aliona mistatili miwili isiyohusiana.

Kilichotuokoa ni jina. Kile kipande cha Asha kinachompita Juma tulikiita mkia, tukaandika 17 ndani yake. Akaufunika kwa kidole gumba. "Kumbe! Bila mkia wanalingana." 45 toa 17, 28. Neno zaidi lilibaki palepale kwenye swali na hakulijali tena.

Siku iliyofuata nikamtega: wote wawili kwa pamoja wana shanga 84, Asha anamzidi Juma 18. Zamani angegawanya 84 kwa 2, apate 42, kisha amwongezee Asha 18. Asha 60, Juma 42, jumla 102, shanga zimezaliana usiku! Safari hii alichora, akaukata mkia kwa mkasi kabisa (usimzuie, karatasi si kitu). Zikabaki 66, kila mmoja 33, akaurudishia mkia kwa gundi: Asha 51. Nilitamani majirani waone.

Sifa zikanipanda kichwani. Juzi tulikutana na Asha mwenye shanga mara 3 ya za Juma, jumla 96. Juma ana ngapi? Nikamwahi: "Gawanya kwa 3, ni 32." Hakunijibu. Alichora visanduku vitatu vya Asha, chini yake kimoja, akakigonga kwa penseli.

"Na hiki cha Juma, mama, umekipeleka wapi?"

Visanduku ni vinne. Juma ana 24.