Tieguanyin ya makaa inataka maji yanayochemka

Tieguanyin ni chai ya Kichina, na inayouzwa zaidi siku hizi ni ile ya kijani, yenye harufu ya maua. Ya zamani ya Anxi, mkoani Fujian, China, ni nyingine kabisa: hukaushwa polepole juu ya makaa mpaka majani yawe ya kahawia. Wenyewe huiita nongxiang. Ukiitilia maji ya vuguvugu utapata rangi tu, ladha hakuna.

Siri ya ulongi hii, yaani chai iliyo katikati ya ya kijani na nyeusi, ni kutikiswa. Majani yaliyokomaa, matatu hivi na kikonyo chake, huanikwa juani kidogo, kisha hutikiswa kwenye pipa la mianzi, yakapumzishwa, yakatikiswa tena, hivyo hivyo usiku kucha. Kingo hugongana na kuchubuka, hewa ikaingia, zikawa nyekundu huku katikati pakibaki kijani. Moto mkali ndio husimamisha kazi hiyo. Halafu majani hufungwa kwenye kitambaa na kuviringishwa mara nyingi mpaka yawe punje ngumu, na punje hizo hazifunguki bila maji yanayochemka.

Kwa gaiwani, yaani kibakuli chenye mfuniko, cha mililita 100, pima gramu 7. Utaona ni chache, zinafunika kitako tu. Usiongeze! Zikifumuka zitagusa mfuniko. Pasha kibakuli kwanza, suuza majani sekunde 5, mwaga. Maji ya kwanza sekunde 20, ya pili 15 kwa kuwa punje zimeshalegea, ya tatu 20, kisha ongeza 10 kila mara. Chai nzuri hufika mara ya saba bila kuchoka.

Ikiwa kali mno, mara nyingi ni maji yaliyobaki chini. Mimina mpaka tone la mwisho. Ikinuka makaa, imechomwa karibuni. Iache mwezi mmoja au miwili kwenye kopo lisilopitisha hewa, mbali na iliki na karafuu. Friji ni ya ile ya kijani.

Ukimaliza, tandaza jani moja kwenye kisahani. Likiwa nene, laini, na wekundu ukingoni, umeuziwa yenyewe. Likibaki gumu, jeusi, limejikunja hata baada ya maji saba, mchomaji alizidisha moto, na hapo hakuna upishi utakaoliokoa.