Petro Alirudi Kuvua Samaki

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa.

Wiki hii imekuwa kavu kwangu. Jumapili tumetoka mafungo ya kiroho pale Misheni, kanisa letu la hapa Bagamoyo, tumejaa, wengine sauti zimekauka kwa kuimba. Kufika Jumatano napiga magoti, neno haliji. Mimi muuza samaki ninachowaza ni bei ya mafuta ya kukaangia na hela ya mwenye barafu. Najua siko peke yangu, maana rozari ya jumuiya juzi tulikuwa wachache, na waliofika walikuwa wanapiga miayo.

Wanaokuja kuhiji kutoka Dar wana nafuu, wakishapanda basi wanapata safari nzima ya kutulia. Sisi wa Bagamoyo, kutoka Misheni hadi soko la samaki ni kwa miguu tu. Baraka bado iko kichwani, dalali kashaanza kupiga mnada.

Basi nimeshinda na Yohana 21. Petro ameshamwona Bwana mfufuka, halafu anawaambia wenzake, "Naenda kuvua samaki." Nimewasikia wahubiri wakimsema kwa hilo, eti amerudi nyuma. Mimi sikubaliani nao. Mtu alikuwa na nyumba, alikuwa na mama mkwe! Na Bwana alipomfuata ufukweni hakumgombeza kwa kushika nyavu. Aliwauliza, "Wanangu, mna kitoweo?" Hawakuwa nacho, usiku mzima wamekesha bure. Akawaelekeza watupe jarife upande wa kuume, wakavuta samaki wakubwa 153. Petro akajitupa majini kumfuata Bwana. Waliposhuka wote wakakuta makaa yameshika, samaki juu yake, na mkate. "Njoni mfungue kinywa." Aliyeshinda mauti ndiye aliyewasha jiko! Kisha, wameshakula, nguo ya Petro sijui hata kama ilikuwa imekauka, ndipo akamuuliza: "Wanipenda?"

Tazameni lilipoulizwa swali hilo. Si hekaluni. Ni pale pale kazini kwake, kwenye harufu ya samaki.

Sisi tunalisubiri kanisani, tena kwenye mafungo, kinanda kikipigwa taratibu. Kumbe linakuja Jumatatu kwa sauti ya mteja: "Mama, hawa wa leo?" Mimi limenijia wiki hii. Nilikuwa na vibua waliolala kwenye barafu, macho yameanza kuingia ndani, mashavu yamepauka. Ukiwamwagia maji wanang'aa, na yule dada alionekana si mtu wa pwani. Nikamwambia, "Hawa wa jana, mwanangu. Kaanga, usiwapike chukuchuku." Akashukuru, akaenda meza ya jirani. Nisiwadanganye, sikusikia amani yoyote ikinishukia. Nilisikia hasara, na jioni sala ilikuwa kavu vilevile. Lakini sioni kwamba imani yangu ilikuwa imelala siku hiyo. Ilikuwa kazini.

Hapa niseme kidogo, msinichukie. Wapo kati yetu wanaotoka mafungo haya wanakimbilia mkesha ule, wiki haijaisha wanaulizia semina nyingine. Huku nyuma kina mama wa kikoba, chama chetu cha kuweka na kukopa, wanawasubiri walipe madeni. Unashuhudia moto wa Roho Mtakatifu, na kijana anayekuchotea maji hujamlipa tangu mwezi uliopita! Yakobo alishasema, ujira uliozuiliwa unapiga kelele, na kelele hiyo inafika masikioni mwa Bwana kabla ya mapambio yako. Lipa kwanza, ndugu yangu. Nyumbani nako watoto wanakujua kwa ukali tu, unyenyekevu wote unaishia getini kwa padre. Mafungo hayakuwekwa ili tuikimbie Jumatatu.

Na hili si geni kwetu. Mapadre wa Roho Mtakatifu walipoanza Misheni hapa mwaka 1868, watoto waliokombolewa utumwani walifundishwa sala, na walifundishwa pia jembe na ufundi. Ukristo wa pwani hii ulianza na mikono michafu.

Kwa wanaoniuliza wafanyeje sala inapokauka, mimi nina moja tu, na nimeiokota kwa jirani yangu wa meza, Mwislamu. Adhana ya adhuhuri ikilia, anatandaza turubai juu ya samaki wake, ananiambia "Niangalizie, dada," anakwenda. Haulizi kama leo ana hamu ya kuswali. Basi na mimi akienda nasali sala yetu ya adhuhuri, Malaika wa Bwana, nimesimama, nzi nawafukuza kwa mkono mmoja. Kuna siku mteja ananikatiza katikati, namhudumia kwanza, naendelea nilipoachia.

Jumamosi jumuiya ni saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Isomeni Yohana 21 kabla ya kuja, tutaanzia mstari wa 15. Na wenye madeni ya kikoba, mje nayo. Mhasibu atakuwepo kabla hatujaanza sala.