Bahari Haijaona

Disemba ya 2018 nilikuwa na laptopu ya mkono wa pili, kamera moja niliyokuwa nikifanyia kazi za harusi, na wazo lililokuwa likininyima usingizi: kurusha chombo cha angani kutoka Ngomeni.

Kazi yangu ilikuwa video za harusi, upande wa wanawake. Kwetu Malindi usiku wa kupamba wanaume hawaingii, basi mpiga picha sharti awe mwanamke, na tuliokuwa tukiijua kamera hatukuwa wengi. Mikono yangu ilishazoea kukata na kuunga, kung'arisha nyuso, kuandika jina la bi harusi kwa herufi za dhahabu. Nilikuwa nikiipenda kazi ile na bado naipenda. Lakini nikishamaliza ya watu, saa tano za usiku, nilikuwa nafungua faili jingine, la kwangu.

Asiyepajua Ngomeni nimweleze. Ukitoka Malindi ukashika njia ya kaskazini, ukapita mashamba ya chumvi ya Gongoni, ukafika ufukweni, utaona majukwaa ya chuma yamesimama baharini kwa miguu yake. Waitaliano waliyaleta miaka ya sitini. Tarehe 26 Aprili 1967 setilaiti ya San Marco 2 ilirushwa kutoka pale. Tarehe 12 Disemba 1970, siku ya kuadhimisha uhuru wetu, ikarushwa nyingine ya Wamarekani, ya kuchunguza miale ya eksirei inayotoka kwenye nyota, nao wakaipa jina Uhuru. Neno letu likapanda juu likaizunguka dunia. Pwani yetu ilichaguliwa kwa sababu iko karibu na ikweta, ambako ardhi yenyewe inazunguka kwa takriban kilomita 1,670 kwa saa, na roketi ikielekezwa mashariki huondoka na kasi hiyo bila kuilipia. Mara ya mwisho kurushwa kitu pale ilikuwa 1988. Mimi sijazaliwa.

Filamu yangu ilikuwa ya dakika nne. Tarehe 12 Disemba 2063, miaka 100 ya uhuru, jukwaa lililolala linaamka, na chombo kinaondoka na watoto wa Pwani ndani yake. Hayo tu. Hakuna vita wala majitu ya kijani.

Nilikwenda Ngomeni na mdogo wangu, tukasimamisha tripodi mchangani, tukapiga jukwaa kwa dakika kumi bila kuigusa kamera. Chombo nilikiunda kwenye Blender, programu ya kuundia maumbo ya 3D. Kuunganisha nilitumia DaVinci Resolve, programu ya kuhariri video, ambayo mwaka huohuo toleo lake la 15 lilikuja na Fusion, sehemu ya kupachika picha juu ya picha, ndani kwa ndani, ya bure, na kwa mtu kama mimi ile ilikuwa neema. Laptopu yenyewe ilikuwa na GB 8 za memori. Kurenda sekunde kumi za chombo, yaani kuiacha laptopu ichore kila picha, kulichukua usiku kucha, na feni ililia mpaka mama akagonga mlango. Usiku wa pili stima ikapotea saa nane, kazi yote ikaenda. Tangu hapo sirendi tena video nzima. Natoa picha mojamoja, fremu baada ya fremu, kila moja faili lake. Stima ikipotea kwenye fremu ya 143, ikirudi naanzia 144.

Chombo kilipokaa juu ya jukwaa kwa mara ya kwanza kilionekana kama stika. Nilihangaika nacho siku mbili nzima kabla ya kuona kosa: kilikuwa cheusi mno. Kitu kilicho mbali baharini hakina weusi kamili, hewa yenye chumvi huutia ubuluu. Nikaipima sehemu nyeusi kuliko zote kwenye jukwaa la kweli, nikaupunguza weusi wa chombo mpaka ukalingana nayo. Papo hapo kikarudi nyuma, kikaenda kukaa mahali pake.

Moshi niliupata kwa bibi. Nilitundika buibui langu ukutani, nikaweka chetezo mbele yake, nikamwomba bibi atie ubani. Kamera niliitega fremu 120 kwa sekunde. Ukizicheza kwa 25, moshi unakwenda karibu mara tano polepole kuliko ulivyo, na moshi wa polepole jicho huuona mkubwa. Kisha kwenye programu nikaliweka tabaka la moshi juu ya tabaka la bahari, nikachagua ile namna ya kuchanganya inayotupa weusi na kubakisha mwanga. Buibui likatoweka. Ubani wa bibi ukabaki umesimama juu ya maji ya Ngomeni, mweupe, mnene, unapanda. Nilimwita aje kuona. Alitazama, akasema, "Mashaallah, na harufu yake je?"

Moto ulikuwa wa vifuu, tuliuwasha uani usiku, nao niliupitisha njia ileile.

Nilipoona imekamilika nilimpelekea babu. Babu alikuwa mvuvi wa Ngomeni ujana wake wote, magoti ndiyo yaliyomtoa baharini. Nilimbusu mkono, nikamtilia kahawa, nikaiweka laptopu mapajani mwake. Akatazama mpaka mwisho. Akaniambia nirudie. Akatazama tena, kikombe hakijafika mdomoni.

"Kizuri, mama," akasema. "Lakini bahari yako haijaona."

"Haijaona nini, babu?"

"Moto wote huo, na bahari imetulia kama haikuambiwa."

Nilikuwa najua kwamba babu aliwahi kuona roketi. Wazee wengi wa kule waliona. Sikuwa nimewahi kumuuliza. Alisogeza laptopu kando akanieleza, na maneno yake niliyaandika usiku uleule.

"Mwanzo wa miaka ya sabini. Tuliambiwa tusisogee, nasi tulikuwa mbali, mimi na mwenzangu, Mungu amrehemu. Giza. Mara nikaiona mikono yangu. Sikuona moto, mama, niliona mikono yangu, na wavu, kila jicho la wavu. Nikageuka. Kivuli cha mlingoti kimelala kirefu, kimevuka chombo kizima kimetoka nje majini. Kisha kikaanza kurudi. Moto unapanda, kivuli kinarudi, kinakuja kwa mwenyewe kama kamba inayokunjwa. Na kimya. Nikasoma Fatiha. Nikamaliza, nikasema amina. Ndipo sauti ikaja, na haikuja masikioni. Ilikuja kwenye mbao."

Akanywa kahawa yake.

"Na halikunyanyuka kivivu kama lako. Liliruka."

Hilo la mwisho nililielewa nilipokwenda kusoma. Mwendo wa chombo changu nilikuwa nimeuiga kutoka video za maroketi makubwa, yale yanayojivuta juu ya moto wake kwanza. Zilizorushwa Ngomeni zilikuwa roketi aina ya Scout, nyembamba, za mita 23 hivi, fueli yake yabisi, na roketi ya namna ile ikishawashwa hainyanyuki kwa taratibu. Nikazivuta karibu zile alama mbili za mwendo kwenye programu, za kuanzia na kumalizia, chombo kikatoka kama kilivyotoka kwenye kumbukumbu ya babu.

Kesho yake nilimwomba anisomee Fatiha kama usiku ule, nami nimeshika saa ya simu. Sekunde 24. Sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde. Nikapiga hesabu pembeni ya daftari: kilomita nane na kitu. Nilikaa nikiitazama ile namba. Miaka karibu 50 mzee alikuwa amehifadhi umbali wa chombo chake ndani ya sura ya Qur'ani, bila mtu kumuuliza.

Nikabomoa kazi nzima nikaanza upya, safari hii usiku. Picha ya mchana niliishusha mwanga, nikaitia ubuluu, nikafuta mawingu. Mwanga juu ya maji ulinitoa jasho. Niliunakili moto, nikaupindua chini juu, nikauvuta mrefu kuja kwangu, nikautia ukungu. Ukakaa kama utepe wa kitambaa, umenyooka, maji hayana habari nao. Sasa nikaichukua picha ileile ya mawimbi nikaifanya iusukumesukume utepe: palipo na mgongo wa wimbi unasogea, palipo na bonde unarudi. Ukakatikakatika. Bahari ikaona.

Kilichobaki kilikuwa kivuli cha mlingoti, nacho hakikukubali. Nilikichora kwa maski, umbo la kutenga sehemu ya picha, nyusiku tatu. Sakafu ya dau si karatasi. Pana mbao zilizopinda, pana kamba, ndoo, nanga, na kivuli cha kweli kinajivunja juu ya kila kimoja kwa namna yake. Changu kilipita juu ya vitu vyote kimenyooka. Ningeweza kuliunda dau zima kwenye Blender, na labda mwaka mmoja baadaye ningekuwa bado naunda.

Mwishowe nilifunga laptopu. Tukaenda ufukweni baada ya isha, mimi na mdogo wangu, na taa moja ya harusi. Kulikuwa na dau limepandishwa mchangani, mlingoti umesimama, tanga limeshushwa, mwenyewe akaturuhusu. Taa tuliifunga kwenye mwisho wa boriti refu, tukaivisha karatasi ya plastiki ya rangi ya chungwa. Nilipanda chomboni na kamera nikalala nyuma, kwenye tezi. Mdogo wangu akasimama mbali mbele ya omo, taa iko chini karibu na mchanga, nami nikapiga mluzi.

Akaanza kuinua. Kivuli cha mlingoti kilikuwa kimenipita, kimetoka nje. Kikaanza kurudi. Kilipanda juu ya ndoo, kikajikunja kwenye ukingo wake, kikashuka, kikateleza juu ya kamba kwa vijisehemu, mafundo yakitoa vivuli vyao vidogo, kikawa kinakwenda zake kuufuata mlingoti. Nilijikuta sipumui. Tulirudia mara sita mpaka mikono ya kijana ikatetemeka, na tuliyoitumia ni ile ya sita, kwa sababu ya kule kutetemeka: moto halisi hautulii.

Ikaja kazi ya sauti. Mdogo wangu alipoona nimeacha sekunde 24 bila hata upepo, alinisihi. "Dada, watu watadhani spika zimekufa." Alikuwa na haki ya kuogopa. Katika video za harusi sikuwahi kuacha hata sekunde tatu bila taarabu chini yake. Nilijaribu 10, nikajaribu 15. Kila nilipopunguza, chombo kilikuja karibu, kikawa pale mbele ya pua, na dau la babu halikuwa tena mbali peke yake gizani. Nikazirudisha zote 24.

Tulionyesha uani kwetu, juu ya shuka jeupe, kwa projekta ya kuazima. Majirani walikuja na watoto wao. Babu tulimweka mbele kwenye benchi la mbao, na spika kubwa ya bezi niliisogeza mpaka ikaligusa benchi.

Mwanga ulipowaka kwenye shuka nyuso zote zikaonekana, kisha wavu ukaonekana, kisha kivuli kikaanza safari yake ya kurudi. Watoto walinyamaza. Mimi sikuwa naitazama filamu, nilikuwa namtazama babu kwa pembeni. Midomo yake ilikuwa inakwenda. Nilihesabu naye kimoyomoyo. Alipofika mwisho akapitisha viganja usoni, kisha, kabla sauti haijafika, akashusha mikono yote miwili akaushika ukingo wa benchi, kama mtu aliye chomboni.

Ilipopita, akakaa kidogo.

"Rudisha nyuma, mama," akasema. "Rudisha pale pa mlingoti."