Ilikuwepo tu

Usingizi umegoma, na sababu si mtoto wa dada (kazaliwa Jumanne, wa kiume, habari zake nitazileta), wala si ile barua ya kuthibitishwa kazini mliyoisubiri pamoja nami, ambayo hatimaye imetoka. Sababu ni yule kaka wa steshenari ya njia ya Msamvu na jibu alilonipa.

Nilikwenda kutoa kopi ya hiyo barua. Mlangoni bango jipya limeegemezwa ukutani, linamsubiri mwenyewe: NYAMA YA NG'OMBE NA MBUZI, na bei ya kilo chini yake. Nyekundu kwenye nyeupe. Macho yakatua kwenye NG'O, moyo ukaruka. Ni yangu, ile fonti (seti ya herufi za kompyuta) niliyoichora mwenyewe.

Mliokuwa hapa tangu mwanzo mnajua nilivyohangaika na hiyo NG'O. G ni mviringo, O ni mviringo, na ritifaa, ile alama ya ('), inaning'inia juu katikati yao, chini yake panabaki shimo. Kwenye fonti nyingi ng'ombe anakatika vipande viwili. Dawa ya kawaida ni jedwali la jozi: unaielekeza fonti kwamba G ikifuatwa na ritifaa, visogeleane. Lakini matoleo mengi ya Word hayafuati jedwali hilo mpaka mtu aingie kwenye mipangilio aliwashe, na kwa mafundi wetu nani ana muda huo? Kwa hiyo niliipunguzia ritifaa yenyewe nafasi za ubavuni, nikaichonga kama kabari, pana juu, nyembamba chini, nikaifupisha G mdomo wa juu ipate pa kukaa. Usiku mwingi sana umeishia kwenye alama ambayo watu wengi hawakumbuki hata kuibonyeza. Na sasa ilikuwa mbele yangu, urefu wa mkono, imekaa barabara.

"Kaka, samahani, hizi herufi za bango umezitoa wapi?"

"Zipi, hizi za bucha?"

"Ndiyo."

"Ilikuwepo tu hiyo, dada. Imekuja na kompyuta." Akageukia mashine. "Kopi ngapi?"

"Mbili," nikasema. Nikalipa, nikaondoka.

Hakusema vibaya. Angekuwa mkorofi ningeshasahau. Alisema kwa upole kabisa, kama mtu anayejibu kuhusu jua. Ilikuwepo tu. Nimepika nayo, nimefua nayo, Alhamisi nimekaa nayo kikao kizima huku bajeti ikisomwa. Kichwani nimemjibu kwa kila namna. Mara namwambia, kaka, mimi ndiye niliyeichora. Mara namwomba tu bonyeza kulia, fungua maelezo ya faili, usome jina lililoandikwa kwenye haki ya mchoraji. Kwa sababu jina langu limo. Nililiandika mwenyewe kwenye jedwali la majina, mahali ambapo kila fonti hubeba jina lake, la aliyeichora na leseni yake. Limo ndani ya ile kompyuta, karibu na goti lake, na hakuna aliyewahi kulifungua.

Mume wangu kasema nisiumie, si niliitoa bure? Si bure inayoniuma. Leseni niliichagua kwa macho yangu: ile OFL (leseni huria ya fonti) ya shirika la SIL, toleo la 1.1 la mwaka 2007, iliyoandikwa na Victor Gaultney na Nicolas Spalinger. Inamruhusu yeyote kuitumia fonti, kuigawa, kuibadilisha, hata kuiuza ikiwa ndani ya programu nyingine. Kinachokatazwa ni kuiuza fonti peke yake. Anayeigawa aambatanishe leseni na haki za mchoraji. Lakini bango, kadi ya harusi, kitabu cha shule, chochote kilichoandikwa kwa fonti hiyo hakina deni. Mwenye bucha hana wajibu wa kunitaja, wala sitaki anitaje. Nilichotaka ni yule kaka ajue kwamba kuna mtu. Basi. Kwamba herufi hazioti zenyewe.

Jana jioni nikafungua sanduku la mama kutafuta kanga za kumpelekea dada, maana mzazi na kanga haviachani. Ya pili kuitoa ilikuwa WEMA HAUOZI, ile ya zambarau niliyoipiga picha sakafuni nilipoanza kazi hii. Nikaitandaza. W ile pana inayotanua miguu, A yenye kofia bapa, herufi kubwa tupu zimejaa kwenye kile kisanduku kirefu juu ya pindo. Fonti yangu yote imetoka humo.

Nani aliichora W ile?

Nimeitazama tangu nabebwa mgongoni na sijawahi kuuliza. Majina ya kanga yaliwahi kuandikwa kwa herufi za Kiarabu, kisha zikaja hizi za Kirumi. Lazima kuna mtu alikaa na brashi au kalamu akaamua W ya kanga iwe hivyo, huenda Mombasa, huenda India, huenda pale kiwanda cha Urafiki Dar es Salaam kilipokuwa kikichapa. Nimeshughulika na mikono ya mtu huyo miaka yote hii, napima mkunjo wake, naurudia kwenye FontForge, programu ya bure ya kuchorea fonti, ambayo nayo ni zawadi ya George Williams aliyeanza kuitengeneza mwaka 2000. Leo mtu akiniuliza hizi herufi nani kazichora, nitamwambia ni za kanga. Nitasema kama yule kaka.

Nikakaa chini na kanga mapajani nikaanza kucheka, mpaka mama akachungulia. Nilikuwa na furaha, jamani. Fonti yangu imefika mahali ambapo kanga imefika!

Kisha nikakumbuka kitu nilichokiona pale mlangoni na hasira ikanifanya nikipite. Bei ya kilo ilikuwa kwa Arial, fonti nyingine kabisa. Bila shaka, maana mimi bado sijachora tarakimu. Maneno ya kanga nyingi hayana namba, sikuwa na pa kuanzia. Lakini kanga za sikukuu na za kampeni zina miaka, na mama anazo kadhaa. Kwa hiyo nimeanza. Zote kumi nitazipa upana mmoja, hata 1, ili bei zikipangwa chini kwa chini zinyooke. 7 imekubali haraka. 8 inaonekana itaanguka. Tumbo la juu lazima liwe dogo kuliko la chini, sema si kwa kiasi nilichodhani. Zikikamilika nitampelekea yule kaka kwa flashi, na safari hii nitamwambia mimi ni nani.

Ningeandika zaidi kuhusu hiyo 8, ila dada katuma ujumbe sasa hivi kwamba mtoto ana umanjano machoni na hanyonyi vizuri. Nesi kasema wamrudishe asubuhi apimwe damu. Shemeji yuko safarini, mama anataka tuondoke na basi la kwanza, na ruhusa yangu ya kazini inaanza Jumatano. Nimempigia bosi mara mbili, hapokei.