Lieni pamoja nao waliao

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Wiki hii usingizi umenisumbua na chanzo chake ni tamthilia, nisiwafiche. Binti yangu aliniwekea Broadchurch, ya Uingereza, ilianza kuonyeshwa 2013, nikasema naangalia kidogo nilale, saa nane usiku bado niko kwenye kochi nalia. Ni mji mdogo wa pwani, mtoto wa miaka 11 anaitwa Danny anakutwa amekufa ufukweni chini ya mwamba, polisi wanatafuta nani kamuua na majirani wanaanza kutiliana mashaka. Lakini muuaji wala hakunishughulisha. Aliyenishika ni Beth, mama yake Danny. Kuna mahali anaingia supamaketi kununua vitu kama mtu yeyote, watu wanamkodolea macho tu.

Hapo ndo Roho alinikamata, maana na mimi nimefanya hivyohivyo hapa Tabata. Kuna mama wa jumuiya yetu alizika mtoto wake mwezi wa tatu. Msibani nilikuwepo, nilipika, nilishika daftari la rambirambi mpaka turubai likashushwa. Baada ya hapo sikukanyaga tena. Juzijuzi nikamwona gengeni anachagua nyanya, nikaweka simu sikioni nikajifanya naongea, nikakata kona. Na aliniona.

Wapendwa, siku tatu za mwanzo sisi ni hodari sana, turubai, viti, maji ya chupa, kwaya, kila kitu kipo. Viti vikirudishwa kwa mwenyewe na sisi tunarudi makwetu, na tukikutana na mfiwa tunamwambia kazi ya Mungu haina makosa, jikaze mama, huku miguu inaondoka. Akilia ibadani baada ya miezi miwili tunanong'ona kwamba imani imepungua. Jamani tuache! Nani alitufundisha hivyo? Yesu alijua kabisa Lazaro anafufuka muda si mrefu, na bado Yohana 11:35 inasema akalia machozi, hakumwambia Mariamu ajikaze. Rafiki zake Ayubu walikaa naye chini siku saba bila kusema neno, na hapo ndo walipofanya vizuri, walivyofungua midomo kumweleza kwa nini yamempata wakaharibu kila kitu mpaka Mungu akawakasirikia. Sasa sisi hata hiyo siku moja ya kunyamaza inatushinda. Na msiba hauna kalenda, sehemu ya tatu ya hiyo tamthilia ilitoka 2017, miaka imepita na baba yake Danny bado hajatulia. (Jinsi msiba ulivyotikisa ndoa yao nalo ni somo kubwa kwa wanandoa, ila leo niliache.)

Alhamisi nikaenda. Nilibeba mkate tu. Nikamwambia dada, nilikukwepa, nisamehe. Hakujibu, akaingia ndani akatoka na daftari la hesabu la mtoto, ukurasa wa mwisho kaandika tarehe na swali moja hajalimaliza. Akaniambia, "Ona saba yake, alikuwa anaigeuzaga." Sikuwa na andiko la kumpa. Tulilia wote pale kwenye mkeka mpaka chai ikapoa, akaipasha, tukanywa.

Jumamosi narudi, kuna godoro la mtoto anataka tulitoe juani na peke yake hawezi kuingia kile chumba. Nani tunaongozana?