Mapafu ya Kike na ya Kiume Oksijeni Inapopungua

Kwa muda mrefu nimevutiwa na ukaidi wa mishipa ya damu ya mapafu: oksijeni inapopungua, mishipa ya sehemu nyingine za mwili hutanuka, ilhali hii hujibana. Von Euler na Liljestrand wa Uswidi waliueleza mwitikio huu mwaka 1946, baada ya kuwachunguza paka. Una busara yake, kwani kifuko cha hewa kinapozibwa na makohozi, kimshipa kinachokipelekea damu husinyaa, na damu huelekezwa kwenye vifuko vyenye hewa. Lakini mtu akiwa juu ya mlima mrefu, mapafu yote hukosa oksijeni kwa pamoja, mishipa mingi hujibana, na upande wa kulia wa moyo hulazimika kusukuma kwa nguvu zaidi.

Katika majaribio mengi ya wanyama, mishipa ya mapafu ya majike hujibana kwa kiasi kidogo kuliko ya madume. Estrojeni, homoni ya kike, huchochea utando wa ndani wa mshipa kutoa naitriki oksaidi, gesi inayolegeza misuli ya ukuta wake. Panya jike akiondolewa ovari, kinga hiyo hupungua.

Hapo ningetarajia wanawake wasalimike, kumbe sivyo. Shinikizo la juu la damu katika ateri za mapafu huwapata wanawake zaidi, ingawa wanaume wanaougua hufariki mapema zaidi. Kwa maoni yangu, kuiita estrojeni mlinzi tu ni kurahisisha mno, maana homoni hiyohiyo, pamoja na mabaki ya uvunjwaji wake mwilini, yaweza pia kuchochea seli za ukuta wa mshipa kuongezeka.