Mahali pasipouma

Kwa miaka sita nilijichoma insulini mahali pamoja, vidole vitatu kulia kwa kitovu, kwa sababu pale hapakuwa panauma. Sindano ilikuwa ikiingia hata sihisi. Nilidhani mwili umeshazoea, nikashukuru.

Kisha sukari ikaanza kunichanganya. Chakula kilekile, yuniti zilezile, leo napima 6, kesho 15. Daktari akapandisha insulini ya usiku polepole kutoka yuniti 14 hadi 22, na bado haikutulia. Nikawa najilaumu kwa kila kijiko ninachotia mdomoni. Hilo liliniumiza kuliko sindano zote.

Siku moja kliniki, muuguzi aliweka kando daftari langu la vipimo, akaniambia nilale nifunue tumbo. Akapitisha vidole taratibu, kama mtu anayetafuta punje iliyoangukia mchangani. Halafu akaushika mkono wangu na kuuweka pale. Chini ya ngozi palikuwa na uvimbe kama mpira, mkubwa kama nusu yai. "Insulini yako inaishia hapa," akasema. Ukichoma palepale kila siku, mafuta ya chini ya ngozi hunenepa na hisia hupungua. Insulini ikiingia humo hainyonywi sawasawa: mara inachelewa, mara inakuja kwa kishindo.

Akanisisitizia nisihame mahali kabla daktari hajapunguza dozi, maana kwingine insulini ingenyonywa vizuri zaidi na sukari ingeshuka mno. Sikungoja. Usiku uleule nilichoma zile yuniti 22 kwenye paja.

Saa tisa usiku niliamka nimelowa jasho, vidole vikitetemeka hadi tone la damu likakosa stripu ya kupimia mara mbili. 2.9, imeshuka mno. Nikakoroga vijiko vitatu vya sukari kwenye maji, nikanywa, nikakaa sakafuni dakika 15 nikiogopa kufumba macho. Nikapima tena: 4.4. Asubuhi daktari alishusha dozi hadi 16, na tangu hapo naweza kukisia kipimo kabla sijakiona.

Sasa nimeligawa tumbo mafungu manne, kila wiki fungu lake, na kati ya tundu na tundu naacha upana wa kidole. Kila sindano naitumia mara moja tu. Nikishabonyeza kalamu ya insulini nahesabu hadi kumi ndipo nachomoa. Nikioga najipapasa kwa mkono wenye sabuni, maana uvimbe hujulikana kwa vidole kabla ya macho.

Ule wa zamani umepungua, ila bado upo. Naugusa, napita, nachoma kwingine.